Ule wa San Francisco haikuwa DOOM: maneno tunayosema vibaya juu ya maski, pleibeki na tiketi

Mi kazi yangu ni sono, yaani vyombo vya sauti. Miaka mingi sasa nabeba bafle (spika) na mikro toka Katuba mpaka Kamalondo mpaka Bel-Air, mitaa ya hapa Lubumbashi, Kongo, arusi, matanga, konseri, yote napiga, na kila tukimaliza kufunga waya tukikaa kusubiri watu waingie, vijana wanaoandika rap wananizunguka na mazungumzo yanaishia kwa MF DOOM, yule rapa wa maski ya chuma. Hapa L'shi, yaani Lubumbashi, anaheshimiwa sana, hata na wale ambao Kingereza chake hawakifuati chote. Ila yale yanayosemwa juu ya konseri zake, mengi si kweli na mengine ni nusu nusu, na juzi nusura watu wawili wapigane mbele yangu juu ya hayo hayo. Basi niyaandike vile nayajua.

La kwanza nalolisikia kila siku: "Alivaa maski juu sura iliharibika." Wengine wanasema aliungua, wengine eti polisi walikuwa wanamtafuta. Hapana kabisa. Huyu mtu sura yake ilijulikana kabla ya maski. Jina ni Daniel Dumile, alizaliwa London tarehe 13 Julai 1971, baba Mzimbabwe, mama wa Trinidad, akakulia Long Island kule New York. Mwaka 1991 alitoa albamu na kundi la KMD, wakati ule akiitwa Zev Love X, na mdogo wake Subroc yuko ndani, video zipo mpaka leo, unamuona kijana sura wazi anacheka. Mwaka 1993 Subroc akagongwa na gari akafa, albamu ya pili ikiwa karibu kuisha, na mwaka uliofuata kampuni ya muziki ikakataa kuitoa juu ya picha ya kava, ikamwacha. Ndugu kaenda, kazi kaenda. Akapotea miaka kadhaa, halafu mwishoni mwa miaka ya 90 watu wakaanza kumuona kwenye kilabu ya washairi ya Nuyorican pale New York, kapanda jukwaani na soksi ndefu ya kike kajifunika usoni. Maski ya chuma ilikuja baadaye, na albamu ya kwanza ya DOOM ikatoka 1999. Mwenyewe alieleza kwamba rap ilikuwa imegeuka mambo ya sura na mavazi, yeye alitaka watu wasikilize maneno. Jina kalitoa kwa Doctor Doom, mbaya wa kwenye komiki za Marvel. Mi naona pia palikuwa na kilio ndani yake, mtu aliyefiwa vile akirudi na uso mwingine sishangai.

Sasa hapo kwa konseri ndo kuna kelele. Kuna kambi inasema hajawahi kupanda jukwaani mwenyewe, kila mara alikuwa anatuma mtu. Kambi nyingine inasema hayo yote ni uzushi wa wenye wivu. Zote mbili zinakosea.

Mwaka 2007 kule San Francisco watu walilipa tiketi, akatokea mtu wa maski, waliokuwepo wakasema alikuwa mwembamba kuliko yule waliyemzoea na alikuwa anafungua fungua mdomo tu juu ya nyimbo zilizorekodiwa. Watu wakazomea. Na si mji huo peke yake, malalamiko ya aina hiyo yalitokea sehemu nyingine pia, mpaka mashabiki wakawapa jina hao watu wa kutumwa, wakawaita DOOMbot. Mwaka 2009 mwandishi Ta-Nehisi Coates alimwuliza jambo hilo kwa ajili ya jarida la The New Yorker, na Dumile hakukana. Alijibu kwamba yeye ni kama mwandishi na mwongozaji wa tamthilia, anachagua wahusika, na nani anamweka pale juu ni uamuzi wake. Kwa hiyo anayesema ni uzushi anabishana na DOOM mwenyewe. Lakini mwaka uliofuata, 2010, alipiga London, na watu wakamsikia ni yeye, sauti yake ile nzito yenye mikwaruzo, pumzi yake. Alipotaka alipanda na alifanya kazi. Kwangu hilo ndo linauma zaidi juu uwezo alikuwa nao.

Halafu kuna ya visa. Utasikia: "Alituma watu wengine juu Marekani ilimfukuza." Hapa watu wanachanganya miaka. Ni kweli kwamba hakuwahi kupata uraia wa Marekani ingawa alikulia pale, na ni kweli kwamba alitoka kwenda kupiga Ulaya wakamkatalia kurudi, akabaki Uingereza. Ila hiyo ilikuwa 2010. San Francisco ni 2007, alikuwa bado anaishi Marekani. Visa haihusiki hapo.

Sasa hii nyingine inanigusa juu ni ya kazi yangu. Watu wanaona pleibeki, yaani kuachia wimbo uliorekodiwa, na mtu wa uongo ni kitu kimoja. Si kitu kimoja. Msanii wa kweli anaweza kupiga pleibeki, na mtu wa uongo anaweza kuimba kwa sauti yake kabisa. Tena kuna pleibeki na pleibeki: kuna ile ambayo sauti yote imo kwenye flashi na mikro imezimwa, na kuna ile ambayo kiitikio tu ndo kimo, msanii anatia mistari yake juu, hiyo wala si wizi, rapa wengi wanafanya hivyo maana peke yako huwezi kurap na kujiitikia mwenyewe. Ukitaka kujua, angalia mkono wenye mikro. Akiishusha mpaka tumboni na sauti inabaki kubwa vile vile, basi ile mikro ni pambo. Sikiliza herufi P na B, mikro iliyo hai zinapiga puu kwenye bafle. Sikiliza pumzi katikati ya mistari. Na ukimuona anakosea neno na kosa linasikika, furahi, huyo anaimba. Kwa mtu wa maski ya chuma huoni midomo vizuri, kwa hiyo hizo alama za mkono na pumzi ndo zinabaki peke yake, ndiyo maana udanganyifu wake ulikuwa rahisi kuliko wa mtu mwingine.

Na nitasema hili pia juu si haki kuandika ya wengine nikaficha yangu. Kuna siku hapa mjini alikuja msanii, simtaji, tiketi ilikuwa dola 10, watu wameambiwa saa mbili usiku yeye akafika karibu saa tano. Mwandaaji akanipa flashi akaniambia yaya (hapa ni kumwita mkubwa wako), funga mikro yake, acha hii itembee. Nikafunga. Nyimbo tatu, akaondoka. Palikuwa na mama mmoja kaja na watoto wake wawili, akanifuata kwenye sono akaniuliza: "Yaya, ule alikuwa anaimba kweli?" Nikashindwa kumjibu. Tangu siku hiyo mambo ya San Francisco siyasomi tena kama stori ya mbali.

Ndo maana nakuja kwa hoja ambayo vijana wetu wanaipenda sana, na ni hoja ya akili, nakubali. Wanasema: "Maski ya DOOM ni kama kifwebe. Kifwebe kikitoka huulizi nani yuko ndani, maski ndo inacheza." Kifwebe ni maski ya ngoma ya Basongye na Baluba, na kwao ni kweli, anayevaa hatajwi jina, na ukimtaja umevunja kitu kikubwa. Maski zile ziko mpaka kwenye jumba la makumbusho hapa L'shi, nenda ukaangalie mistari yake, hutaisahau. Kwa hiyo kijana anakuambia, Dumile alikuwa anafanya kitu cha Kiafrika, mhusika ni mmoja, anayembeba anaweza kuwa yeyote. Mi hoja hii niliishika miaka kama miwili, niliitetea kwa sauti, nikaiacha. Juu kwenye kifwebe kanuni inajulikana na wote kabla ngoma haijalia. Mtoto anaijua, mgeni anaambiwa. Hakuna anayekuja akiwa ameahidiwa kwamba leo atamuona fulani. Afishi, lile tangazo la konseri, ya 2007 iliahidi mtu na sauti yake, mtu akatoa pesa yake kwa ahadi hiyo, na kanuni mpya akaja kuambiwa miaka miwili baadaye kwenye jarida. Kama angetangaza mapema kwamba usiku huu DOOM atabebwa na mtu mwingine, ningekuwa wa kwanza kusema ni sanaa safi, na naamini wengi wangelipa hivyo hivyo.

Los Angeles 2019 ni mfano mwingine, na watu wanauchanganya na ule wa 2007. Pale kwenye tamasha la Adult Swim, chaneli ya katuni, wakati mwanamuziki Flying Lotus anapiga, DOOM akatokea na maski, halafu maski ikavuliwa, kumbe ni Hannibal Buress, mchekeshaji. Wengine walicheka, wengine walikasirika juu walishaanza kulia kwa furaha. Ila angalia tofauti: maski ilivuliwa pale pale. Ukweli ulitolewa usiku ule ule mbele ya waliolipa. Mi hiyo nailaumu kidogo sana.

Basi na hili la "shabiki wa kweli hawezi kukasirika". Nani kasema? Waliokasirika zaidi ndo waliokuwa wanajua mistari yote kwa kichwa, ndo waliosafiri. Asiyempenda angekasirikia nini, angeenda zake nyumbani. Wapo waliosema walikasirika usiku ule na baada ya miaka wakaanza kuisimulia kwa fahari, mi niliwahi kumuona DOOM wa uongo, na hiyo pia ni kweli yao, siwanyang'anyi. Wapo ambao mpaka leo albamu zake wanazo na konseri hawataki kusikia. Mimi albamu yake na mtengeneza muziki Madlib ya 2004 naipiga kila nikipima sono mpya, sauti yake inanionyesha haraka kama bafle ni nzima, na bado nasema wale wa San Francisco walistahili kurudishiwa pesa yao. Yote mawili yanakaa kwenye kichwa kimoja bila shida.

La mwisho, kuna wanaosema hajafa, kwamba kifo nacho ni maski. Naelewa inatoka wapi, habari ilitoka tarehe 31 Desemba 2020 kupitia mke wake wakati yeye alikuwa amefariki tarehe 31 Oktoba, miezi miwili nyuma, na kwa mtu wa namna ile watu wakasema haya ni mengine. Lakini alifia hospitalini Leeds, ana miaka 49, na uchunguzi wa Uingereza mwaka 2023 ukaeleza ni mwili kukataa dawa ya presha, ukavimba. Ana familia iliyofiwa. Tafadhali hiyo tuiache.

Wiki iliyopita kijana mmoja wa Kenya, nasema mtaa wa Kenya wa hapa L'shi, alikuja na maski aliyoikata mwenyewe kwenye bati, kaipiga msasa vizuri sana, anataka kufanya usiku wa nyimbo za DOOM na ananiomba sono. Akanionyesha afishi kwenye simu, picha ya maski na jina DOOM kubwa, basi. Nikamwambia mikro nitakupa, tena ile nzuri, lakini andika na jina lako pale. Akasema, "Yaya, batu habatakuya." Tukabishana mpaka giza likaingia. Jana katuma afishi nyingine, jina lake lipo chini kulia, kwa herufi ndogo, nimemjibu aliongeze kidogo.