Beri Zinazosifiwa kwa Afya na Mzio Unaoweza Kuzifuata

Goji, bluberi, rasiberi na stroberi zimesifiwa mno kwa vitamini zake, hata baadhi ya walaji wakasahau kwamba zina protini pia, nazo protini ndizo chanzo cha mzio.

Dhana: Tunda lililolimwa bila kemikali haliwezi kuleta mzio.

Ukweli: Kingamwili za IgE, yaani askari wa mwili wanaozua mzio, huilenga protini ya tunda lenyewe, wala si dawa iliyonyunyizwa shambani, kwa hiyo kilimo hai hakibadilishi lolote hapa.

Dhana: Mtu hawezi kudhurika na tunda analolila kwa mara ya kwanza.

Ukweli: Hii ndiyo dhana ninayoiona kuwa ya hatari zaidi. Goji, iliyo katika jamii moja ya mimea na nyanya na bilinganya, ina protini ya kusafirisha lipidi (yaani mafuta) inayofanana kwa umbo na ile iliyomo katika tunda la pichi, hivyo kinga ya mwili iliyokwisha kuichukulia protini ya pichi kuwa adui huweza kuishambulia ya goji siku ileile ya kwanza. Nchini Hispania, ambako mzio wa pichi umeenea, watafiti wameeleza habari za wagonjwa wa namna hiyo.

Dhana: Moto huondoa hatari yote.

Ukweli: Jibu hutegemea aina ya protini. Rasiberi na stroberi zina protini iliyo na undugu na ile ya chavua ya betula, mti wa nchi za baridi. Hiyo ni dhaifu, huharibika kwa joto na kwa asidi ya tumbo, na kwa kawaida huishia kuwasha midomo na koo, ndiyo maana mtu anayewashwa na tunda bichi huweza kula jamu yake bila tabu. Protini ya kusafirisha lipidi, ambayo stroberi na rasiberi zinayo pia, haiko hivyo. Imekazwa kwa vifungo vinne vya salfa, hustahimili jiko na tumbo, kisha huingia mwilini ikiwa bado na nguvu ya kuzua mzio wa mwili mzima, hasa mlaji akifanya mazoezi mazito, akinywa pombe au akimeza aspirini karibu na mlo huo. Tena hukaa zaidi kwenye ganda, na hakuna amenyaye bluberi.

Dhana: Lebo ingetoa tahadhari.

Ukweli: Umoja wa Ulaya unalazimisha vizio (vyakula vinavyozua mzio) 14 vioneshwe waziwazi, Marekani 9, na beri hazimo katika orodha yoyote kati ya hizo mbili. Unga wa goji ndani ya biskuti utaonekana tu kwa anayesoma viambato vyote.

Dhana: Kidonge cha kuzuia histamini, kemikali ya mwili inayoleta muwasho, kinatosha.

Ukweli: Hutuliza muwasho na vipele. Pumzi ikibana au mtu akianza kuzimia, tiba ya kwanza ni sindano ya adrenalini kwenye msuli wa paja, bila kusubiri kidonge kifanye kazi.