Elimu jumuishi ni nini hasa?

Mtoto asiyeona anaandikishwa shule iliyo karibu na kwao. Anapewa dawati la mbele, kisha mwalimu anaendelea kuandika ubaoni kimyakimya kama alivyozoea. Wengi wataiita hiyo elimu jumuishi, lakini sivyo. Mtoto huyo amechanganywa na wenzake tu, bado hajajumuishwa.

Mwaka 2016, kamati ya Umoja wa Mataifa inayosimamia Mkataba wa Haki za Watu wenye Ulemavu, mkataba wa mwaka 2006, ilitofautisha hali nne: kunyimwa shule kabisa, kutengewa shule au darasa la peke yao, kuchanganywa na kujumuishwa. Mbili za mwisho ndizo zinazotuchanganya. Njia rahisi ya kuzitofautisha ni kuuliza ni nani anayetakiwa kubadilika. Katika kuchanganywa, mtoto hujikunja hadi aitoshe shule. Katika elimu jumuishi, shule ndiyo inayojipanga upya: mtaala, ufundishaji, majengo, hata mitihani.

Tumrudie mtoto wetu. Mwalimu akitamka kila anachoandika, tayari hatua moja imepigwa, wala haikugharimu kitu. Vitabu vya nukta nundu, yaani vitone vilivyoinuka vinavyosomwa kwa vidole, mfumo ambao Louis Braille aliuchapisha mwaka 1829, vinahitaji fedha na mipango. Mtihani nao je? Kumfundisha mwaka mzima kwa nukta nundu, kisha kumletea karatasi ya maandishi ya kawaida, ni kumpima macho badala ya akili. Mwenye uoni hafifu huenda akahitaji maandishi makubwa na mwanga wa kutosha tu. Mwenye usonji, hali inayoathiri namna mtu anavyowasiliana na kuhusiana na wengine, anaweza kutulia akioneshwa kwa picha ratiba ya siku, na kuambiwa mapema kitu kinapobadilika.

Neno “mahitaji maalumu” nalo huwa tunalibana mno. Lilienea baada ya ripoti ya kamati ya Warnock, iliyochunguza elimu ya watoto wenye ulemavu nchini Uingereza, mwaka 1978, iliyotaka watu waache kuwapanga watoto kwa majina ya ulemavu na badala yake watazame kila mmoja anahitaji nini ili ajifunze. Kamati hiyo ilikadiria kuwa hadi mtoto 1 kati ya 5 angehitaji msaada wa aina hiyo wakati fulani wa maisha yake ya shule. Kwa hiyo yumo pia yule anayesoma kwa shida ilhali akieleza kwa mdomo unabaki kushangaa, na yumo aliyeugua miezi kadhaa akaachwa nyuma.

Panapokuwa pagumu ni kwa viziwi. Ukimweka kiziwi mmoja katika darasa la wanaosikia, mkalimani hayupo na hakuna mwenzake anayejua lugha ya alama, umemtenga katikati ya watu. Tamko la Salamanca la mwaka 1994, lililotolewa na mkutano wa kimataifa wa elimu nchini Hispania na ambalo ndilo lililoisukuma dhana ya elimu jumuishi duniani, liliandamana na mwongozo uliokiri kwamba shule au madarasa maalumu yanaweza kuwafaa zaidi viziwi na viziwi wasioona, kutokana na namna wanavyowasiliana. Wapo wanaoona huko ni kurudi nyuma. Mimi sioni hivyo, mradi darasa hilo lifundishe kwa lugha ya alama na lisipunguze masomo kwa kisingizio cha huruma.