Ukisikia ngurumo, radi imeshapiga

Nikisema kazi yangu ni kuandika programu za kuzielekeza darubini upesi kwenye mimweko ya redio, yaani milipuko mifupi ya mawimbi ya redio kutoka mbali angani, swali la kwanza huwa: mnaiwahi? Hapana. Kwa kawaida hatuiwahi, na hesabu yenyewe inakataa.

Mimweko hii, ambayo wanafalaki tunaiita FRB (kifupi cha Kiingereza cha mimweko ya kasi ya redio), hudumu milisekunde chache. Wa kwanza ulinaswa na darubini ya Parkes, Australia, mwaka 2001, lakini ulikaa kwenye data hadi ulipotambuliwa na kutangazwa mwaka 2007. Kujua chanzo chake, redio peke yake haitoshi. Tunataka kujua pia kama eksirei, miale ya gama au mwanga wa kawaida vilitoka pamoja nao.

Kikwazo ni elektroni zilizotapakaa angani kati ya chanzo na sisi. Huyachelewesha mawimbi ya redio, na masafa ya chini ndiyo yanayochelewa zaidi. Chukua mmweko wenye kipimo cha mtawanyiko, yaani jumla ya elektroni njiani, cha 500: kwenye megahezi 1,400 utachelewa sekunde moja hivi, kwenye 400 sekunde 13, kwenye 150 dakika moja na nusu. Mwanga na eksirei havicheleweshwi hivyo. Kengele ya redio ikilia, mwanga, kama ulikuwapo, umeshapita. Anayefaidika na mbio ni darubini ya redio ya masafa ya chini kama MWA ya Australia, ambayo haina sahani ya kuzungusha. Huelekezwa kielektroniki kwa sekunde chache.

Wengine inabidi wawe wanatazama tayari. Ndiyo maana kule Sutherland, Afrika Kusini, iko MeerLICHT, darubini ndogo ya mwanga yenye kioo cha sentimita 65, ambayo kazi yake ni kutazama palepale panapotazamwa na sahani 64 za darubini ya redio ya MeerKAT. Njia nyingine ni kumbukumbu. Setilaiti ya Swift hurekodi kila fotoni ya gama, ila haiwezi kuzituma zote chini, hivyo rekodi hufutwa baada ya muda. Tahadhari ikiwahi, amri hurushwa juu na rekodi za dakika ile huokolewa. Hapo ndipo haraka yetu ina maana: tunashindana na ufutaji, si na mwanga.

Mfano ninaoupenda ni wa tarehe 28 Aprili 2020. SGR 1935+2154, magneta (mabaki ya nyota yenye usumaku mkali mno) iliyo ndani ya galaksi yetu, ilikuwa imechachamaa tangu siku iliyotangulia. Darubini ya redio ya CHIME ya Kanada ikanasa mmweko wake ukiwa nje kabisa ya eneo inaloona vizuri, na STARE2, vipokezi vya ukubwa wa ndoo huko Marekani, navyo vikaunasa. Setilaiti ya China, Insight-HXMT, ilikuwa inaitazama magneta hiyo, ikaona eksirei takriban sekunde 8.6 kabla ya redio ya megahezi 400 kufika. Ukiuondoa ucheleweshaji wa elektroni, vilele vya eksirei na vya redio vinakutana. Hakuna aliyekimbia siku ile. Kinachonisumbua bado ni kwamba darubini kubwa ya redio ya FAST, China, iliitazama magneta hiyohiyo saa kadhaa kabla, wakati wa milipuko 29 ya miale ya gama, na haikupata redio hata mara moja.

Kukimbia kuna mitego pia. Baada ya mmweko wa tarehe 18 Aprili 2015, darubini zilizogeuzwa haraka ziliona chanzo cha redio kikififia kwa siku sita, na mwaka 2016 kikatangazwa kuwa mabaki ya mmweko. Haikuchukua muda, wengine wakakitazama tena: kimeng'aa upya. Lilikuwa shimo jeusi katikati ya galaksi fulani, likipepesa kama kawaida yake. Tangu nisome kisa hicho, programu yangu ikipata kitu kinachofifia, hatua ya kwanza ni kuchimba picha za zamani za mahali pale, kabla sijamwamsha mtu.