Kufanya uchawi wa jadi maana yake nini hasa

Huku Moshi ukisema fulani anashika mambo ya jadi, nusu ya waliokaa hapo wameshasikia uchawi. Kumbe hapo kuna vitu vitatu tofauti, uchawi, uganga na tambiko, na kuvichanganya kumewaumiza watu wengi sana.

Uchawi kwa maana ya wazee ni kumdhuru mtu kwa siri kwa nguvu zisizoonekana. Shika hayo mawili, kudhuru na siri. Ndo maana huwezi kukuta mtu kaweka kibao barabarani kwamba yeye ni mchawi, hilo ni jina unapewa na wengine, mara nyingi jirani au ndugu mliyegombana naye. Kwa hiyo mtu akiniuliza kufanya uchawi wa jadi ni kufanya nini, mi namuuliza kwanza nani kasema huyo anafanya?

Mganga ni mwingine. Neno lenyewe linatoka kwenye kuganga, yaani kutibu, ndo ile yaliyopita si ndwele tugange yajayo. Nenda sokoni Mbuyuni utakuta Wamasai wametandaza mizizi na magome chini, ukiulizia kiloriti unakatiwa vipande unaambiwa kachemshe kwenye supu, basi, hapo uchawi uko wapi? Sheria ya Tiba Asili na Tiba Mbadala ya 2002 inamtambua mganga na inamtaka asajiliwe. Hata Babu wa Loliondo, ile 2011 watu wanapanga foleni ya magari Samunge wakanywe kikombe cha dawa ya mti wa mugariga kwa sh. 500, alikuwa mchungaji mstaafu wa Kilutheri. Kama ile dawa iliponya au haikuponya ni mjadala mwingine.

Shida inaanza pale mganga anapoacha kutibu akaanza kukutajia aliyekuroga. Hiyo ndo ramli chonganishi, na mimi naichukia kuliko kitu chochote. Kule Kanda ya Ziwa bibi wa watu anauawa kisa macho mekundu, na macho yenyewe yameharibiwa na moshi wa kuni miaka yote anapikia wajukuu, na watu wenye ualbino wakakatwa viungo kwa sababu kuna mtu kadanganywa vinaleta utajiri. Januari 2015 serikali ikapiga marufuku waganga wapiga ramli wasio na kibali. Na wengi hawajui kwamba Sheria ya Uchawi, ambayo ipo toka 1928 enzi za Mwingereza, haimbani anayejidai kuroga peke yake, hata kumtaja mwenzako kuwa mchawi ni kosa.

Sasa kuna kuvunja chungu, Wachagga na Wapare mnakijua. Umeibiwa, mwizi hajulikani, unatangaza mbele za watu kwamba asiporudisha chungu kitavunjwa na laana itamfuata yeye na kizazi chake. Inatisha kweli, ila wazee hawaiiti uchawi, kwa sababu inatangazwa mchana kweupe na mkosaji anapewa nafasi ya kujirudi.

Tambiko ndo linalosingiziwa zaidi. Kumwaga mbege, pombe yetu ya ndizi, kidogo chini mgombani na kuwataja waliolala pale, hiyo ni heshima kwa wazee wako, hakuna anayedhuriwa. Bibi yangu, Old Moshi, alikuwa hasemeshani na baba mdogo kwa ajili ya mpaka wa kihamba, yaani shamba la ukoo, miaka kama miwili hivi. Asubuhi moja baba mdogo akaja kashika jani la isale kalipiga fundo, hajasema neno, akamnyooshea. Kwa Mchagga ukiletewa isale huna ujanja, unasamehe. Bibi akalipokea kwa mikono miwili, akalichomeka juu ya mlango, akamwambia kaa mwanangu unywe chai. Mtoto wa jirani alikuwa kwenye uzio anaangalia, akaenda kusema kwao kwamba kwa bibi kuna uchawi, na toka siku hiyo hawakumtuma tena kwetu kuazima chumvi.