"Loiter" si kuzurura

Anayezurura anatembea. Asubuhi yuko Kariakoo, mchana Posta, jioni ameonekana Magomeni, na ukimuuliza anatafuta nini hana jibu. Kwa hiyo bango la Kiingereza lenye maneno "No loitering" likigeuzwa kuwa "Hairuhusiwi kuzurura hapa", tafsiri inagombana na nafsi yake: "hapa" inamtaka mtu atulie, "kuzurura" inamtaka aende zake. Mzururaji wa kweli hahitaji kufukuzwa. Kabla hujamaliza kumkemea keshavuka barabara.

Maana yenyewe ni fupi. "Loiter" ni kukaa au kusimamasimama mahali pamoja bila shughuli inayoonekana. Mhusika anaweza kupiga hatua mbili tatu, akaegemea ukuta, akahamia kivulini jua likimfuata, akarudi. Lakini haondoki.

Asili ya neno inaeleza hayo vizuri kuliko kamusi nyingi za lugha mbili. Kiingereza kililipata karne ya 15 kutoka Kiholanzi cha Zama za Kati, kwenye kitenzi "loteren", kilichotumika kwa kitu kilicholegea na kutikisika, kama jino. Kiswahili kina msemo wake tayari: jino linacheza. Jino linalocheza si imara, ila halijang'oka. Ulimi unalisukuma, linainama, linarudi palepale. Mtu anaye-"loiter" ni jino la mtaa: hajatulia, hajaenda. Ukiishika picha hiyo huwezi tena kumchanganya na yule wa Kariakoo hadi Magomeni.

Marubani wa kijeshi hawajaipoteza maana hiyo. Kwao "loiter" ni ndege kubaki juu ya eneo moja, ikizunguka, ikisubiri amri, na muda inaoweza kukaa hivyo kabla mafuta hayajaishia pabaya huhesabiwa kabla ya safari. Zile droni za kulipuka zinazoelea juu ya uwanja wa vita mpaka shabaha ionekane huitwa "loitering munitions". Ziite "silaha zinazozurura" na msomaji atadhani zimepotea njia.

Mchanganyiko umeletwa kwa kiasi kikubwa na sheria. Sheria ya Uzururaji ya Uingereza ya mwaka 1824 iliwatia kapu moja watu wa aina mbili: wanaotangatanga bila makazi na wanaosimama mahali wakatiliwa shaka. Makoloni yakarithi kapu zima. Ndiyo asili ya vifungu vya 176 na 177 vya Kanuni ya Adhabu ya Tanzania, na ndiyo sababu "uzembe na uzururaji" limekuwa jina la kosa kabla ya kuwa maelezo ya tabia. Kwa neno "vagabond", mzururaji ni tafsiri safi, kwa kuwa shina lake ni Kilatini "vagari", kutangatanga. Kosa lilikuja pale "loiter" nayo ilipobebwa kwenye gari hilohilo. (Mahakama ya Afrika ya Haki za Binadamu na Watu, iliyoko Arusha, ilitoa maoni tarehe 4 Desemba 2020 kwamba sheria za namna hii zinakwenda kinyume na Mkataba wa Afrika. Hilo ni suala la haki. Hapa tunashughulika na vitenzi.)

Kesi mbili za Mahakama ya Juu ya Marekani zinaonyesha mpaka ulipo. Mwaka 1972 mahakama hiyo ilifuta sheria ndogo ya mji wa Jacksonville, Florida, iliyowahesabu kuwa wahalifu watu "wanaotangatanga au kutembeatembea kutoka mahali hadi mahali" bila kusudi halali. Hao ni wazururaji, hakuna ubishi. Mwaka 1999 ikafuta sheria ndogo ya Chicago ya mwaka 1992 iliyolenga magenge. Hii ilitumia neno "loiter" na kulieleza: kubaki mahali popote pamoja bila kusudi linaloonekana. Kwa maelezo hayo, aliyekuwa anatembea hakuguswa. Mzururaji angepita mbele ya polisi salama salimini! Aliyesimama ndiye aliyeamriwa atawanyike, na kwa miaka mitatu ya utekelezaji polisi walitoa amri zaidi ya 89,000 na kukamata watu zaidi ya 42,000. Majaji walikwama kwenye kusudi "linaloonekana". Linaonekana na nani? Mtu anayeongea na rafiki yake pembeni ya barabara ana kusudi au hana? Tena genge lililosimama waziwazi kulinda eneo lake lina kusudi linaloonekana kabisa, hivyo kwa maneno ya sheria yenyewe lilikuwa linaponyoka.

Upande wa Uingereza kuna "loitering with intent", kusimamasimama kwa nia ya kutenda kosa. Kifungu cha mwaka 1824 kilichowapa polisi nafasi ya kumkamata mtu kwa shaka ya namna hiyo kiliondolewa mwaka 1981, lakini msemo ungali hai. Hapa Kiswahili hakihitaji sentensi ndefu. Ni kuzengea. Paka anazengea samaki, kibaka anazengea duka. Anayezengea ana jambo lake, ingawa anajifanya hana.

"Linger" nalo huwekwa kwenye "kuzurura" na watu wenye haraka, na hapo kosa ni kubwa zaidi. Linatokana na kitenzi cha Kiingereza cha kale "lengan", kurefusha, ndugu wa "long". Ile "-er" ya mwisho ni alama ya tendo linalojirudia au kuendelea, kama ilivyo kwa "wander", kutangatanga, ukiliweka kando ya "wend", kwenda. Sisi kazi hiyo tunaifanya kwa kurudia shina: tanga, tangatanga, randa, randaranda. Basi "linger" ni kujirefusha, na urefu wenyewe ni wa muda. Ndiyo maana harufu ya udi inaweza ku-"linger" chumbani, kikohozi kinaweza, hata shaka moyoni inaweza. Hakuna kati ya hivyo kinachoweza ku-"loiter", kwa sababu "loiter" hudai miguu, au walau mabawa ya droni. Na mtu aki-"linger" mara nyingi anavutwa na kitu: mgeni keshaaga, keshavaa viatu, bado yuko mlangoni anaongea. Huyo anakawia kuondoka. Ukimwambia anazurura utakuwa umemtukana.

Yaliyobaki ni mepesi. "Dawdle" ni kusuasua, na lina lawama ndani yake: yupo anayesubiriwa, mtoto anayetakiwa shuleni kwa mfano, na msemaji amekasirika. Asiye na pa kufika hawezi ku-"dawdle". "Amble" ni mwendo wa taratibu usio na pupa. Linatoka kwa Kilatini "ambulare", kutembea, na awali lilitajwa zaidi kwa farasi anayeinua miguu miwili ya upande mmoja kwa pamoja. "Meander" ni kupindapinda, la mto na la hotuba, na lilianza kama jina la mto hasa, Maiandros wa Wagiriki, ambao leo ni Büyük Menderes nchini Uturuki.

"Saunter" ni kuranda, kutembea kwa madaha kana kwamba saa zote ni zako. Lina hadithi inayopendwa mno. Mwandishi wa Marekani Henry David Thoreau, kwenye insha iliyochapwa Juni 1862, mwezi mmoja baada ya kifo chake, alilihusisha na mahujaji wa Zama za Kati waliosema wanakwenda "à la Sainte Terre", kwenye Nchi Takatifu. Inapendeza, na wataalamu wa asili za maneno hawaikubali. Vilevile "roam" halikutoka Roma. Cha kuchekesha ni kwamba hadithi ya mahujaji ni kweli kwa neno ambalo watu hawalifikirii, "canter", mwendo wa farasi uliopewa jina kutokana na mahujaji waliokuwa wakienda Canterbury.

Kwa hiyo anayeandika bango, aandike "Usikae hapa bila shughuli". Kama nafasi ni ndogo, "Usishinde hapa" inatosha, na watu wa kijiweni wataelewa kuwa wanasemwa wao. Mwenye duka anayehofia wezi zaidi kuliko wapiga soga anaweza kusema wazi kwamba hataki watu wa kuzengea. Kuzurura kuachwe kwa yule aliyekwisha kufika Magomeni.