Maana ya kuwaandaa watumishi wa shule kwa mtoto mwenye mzio mkali wa chakula

Mzio mkali wa chakula, ambao wengi huuita aleji, ni hali ambayo kinga ya mwili huichukulia protini ya chakula cha kawaida kuwa adui na kuishambulia kwa nguvu inayoweza, ndani ya dakika chache, kuubana mfumo wa hewa au kuiporomosha presha. Kilele cha hali hiyo huitwa anafilaksia, na kinaweza kuua. Kuwaandaa watumishi wa shule ni kuhakikisha kwamba kila mtu mzima anayeweza kuwa karibu na mtoto huyo akiwa shuleni anakijua chakula kinachomdhuru, anazitambua dalili zinapoanza, na anajua la kufanya kabla ya kufika kwa mtaalamu wa afya.

Neno watumishi lisimaanishe walimu peke yao. Mwalimu wa darasa mara nyingi hayupo dalili zinapoanza, kwa kuwa huanza wakati wa uji, au getini ambako kashata za karanga zinauzwa, na walio karibu wakati huo ni mpishi, mlinzi, matroni au dereva wa basi la shule. Mpishi ndiye ningependa aanze kufundishwa. Uji wa lishe unaopikwa katika baadhi ya shule za Mwanza huweza kutokana na unga uliochanganywa mahindi, ulezi, soya, karanga na wakati mwingine dagaa, na ukishatoka mashineni hakuna jicho linaloweza kubaini kilichomo. Mzazi anapoandika kwamba mwanawe hali samaki, mpishi hutazama sufuria, haoni samaki, akagawa uji kwa amani kabisa, ilhali dagaa wamo humo wakiwa unga. Hata akimpikia mtoto uji wake mbali, upawa mmoja ukitoka sufuria hii kwenda ile unatosha kuharibu kazi yote, na mashine iliyotoka kusaga karanga huacha mabaki katika unga wa mteja anayefuata. Vyombo na mikono vioshwe kwa maji na sabuni, kwa sababu vitakasa mikono haviondoi protini ya karanga.

Samaki wana jambo la ziada. Protini inayosababisha mzio wa samaki haivunjwi na moto wala kukaushwa juani, na inafanana kwa aina nyingi za samaki, hivyo mtoto anayedhuriwa na sato asidhaniwe kuwa salama kwa sangara au dagaa mpaka daktari aseme hivyo. Wako wachache wanaokohoa au kubanwa kifua kwa mvuke wa samaki wanaopikwa tu, jambo ambalo shule iliyo jirani na mwalo wa kuanikia dagaa inapaswa kulifahamu.

Mafunzo yatenganishe pia mzio na mwiko. Watu wengi wa Kanda ya Ziwa wamekulia katika koo zenye miiko ya chakula, na mtumishi anayesikia kwamba mtoto fulani hali karanga anaweza kudhani kuwa ni desturi ya kwao, au kwamba anadeka, akaona mboga iliyoungwa kwa karanga kidogo haina neno. Kwa mwenye mzio mkali, kidogo hicho ndicho hatari.

Dalili nyingi hutokea ndani ya dakika chache hadi saa mbili baada ya kula: mwasho mdomoni, vipele, midomo na kope kuvimba, kutapika, sauti kukwaruza, kukohoa mfululizo, kifua kutoa mlio, kizunguzungu, kulegea. Vitabu vingi husema ngozi huwa nyekundu, lakini kwa mtoto mweusi wekundu huo hauonekani kwa urahisi, kwa hiyo mtumishi afundishwe kutazama uvimbe na kuuliza kuhusu mwasho. Anafilaksia inaweza pia kuja bila kipele hata kimoja. Mtoto mwenye pumu yuko katika hatari kubwa zaidi.

Dawa inayookoa ni adrenalini, inayochomwa katika msuli wa paja upande wa nje, mapema kadiri inavyowezekana. Vidonge vya Piriton au setirizini hupunguza mwasho tu, na kuvisubiri vifanye kazi ni kupoteza dakika zinazohitajika. Iko pia desturi ya kumnywesha maziwa mtu anayedhaniwa amekula sumu. Mtoto ambaye koo linaziba asinyweshwe chochote. Alazwe chali na miguu iinuliwe, au aketi iwapo anahema kwa shida, au alale ubavu iwapo anatapika au amezimia, na asisimamishwe wala kutembezwa, kwa kuwa presha inaweza kushuka ghafla. Kwa sababu hiyo bodaboda, ingawa ndiyo inayofika kwanza, haimfai: itafutwe gari ambalo anaweza kulala.

Mwenye sindano ya kalamu aliyoandikiwa na daktari, yaani kifaa chenye dozi ya adrenalini iliyo tayari kuchomwa hata na asiye mtaalamu, kalamu yake iwekwe mahali pasipo jua wala kufuli, na watumishi wajizoeze kwa kalamu ya mazoezi isiyo na sindano, maana mtu mwenye taharuki huweza kuigeuza akajichoma kidole gumba. Lakini kalamu hizo hazipatikani kirahisi, na kwa familia nyingi mpango wa dharura hauna budi kuegemea kituo cha afya kilicho karibu. Shule iliyoko Nyamagana, jijini Mwanza, inaweza kutaja hospitali ya Bugando au Sekou Toure, ila ya kisiwani Ukerewe haina nafasi hiyo. Mkuu wa shule aende zahanati ya jirani mapema, aulize kama adrenalini ipo na nani huwa zamu. Mtoto akipata nafuu bado apelekwe na aangaliwe kwa saa kadhaa, kwa kuwa dalili zinaweza kurudi.

Mpango huo uandikwe ukurasa mmoja wenye picha ya mtoto na namba za simu za wazazi, ubandikwe jikoni kwa ridhaa yao, na usomwe upya kila Januari, na vilevile siku yoyote anapoingia mpishi mpya au mwalimu aliye kwenye mazoezi ya kufundisha, kabla hajagawa chakula.