Kujiandaa kwa Usaili wa Kazi: Mwongozo kwa Waombaji wa Mkoa wa Mwanza

Katika usaili wa mahojiano, kwa kawaida kila mjumbe wa jopo huwa na karatasi ya alama mbele yake, na maswali huwa yameandaliwa mapema pamoja na kile kinachotarajiwa katika kila jibu. Mwombaji anapozungumza, mjumbe husikiliza akitafuta jambo la kuandika: ni kazi gani ilifanyika, nani aliifanya, kwa njia ipi, na matokeo yake yalikuwa nini. Mwombaji anayesema kwamba yeye ni mchapakazi, mwaminifu na mwepesi wa kujifunza hajampa mjumbe huyo chochote cha kuandika, kwa kuwa waliomtangulia asubuhi hiyo wamesema hayo hayo. Sisi tunaotoa ushauri wa ajira kwa vijana wa mkoa huu tunawaona wengi wenye uwezo mzuri wakipoteza alama hapa, na ndiyo maana makala hii inatumia nafasi kubwa kueleza namna ya kuandaa ushahidi.

Maandalizi huanzia kwenye tangazo la kazi lenyewe. Mwombaji alichapishe au alinakili kwenye daftari, kisha achukue jukumu moja baada ya jingine na kuandika chini yake tukio la kweli linaloonyesha kwamba amewahi kufanya kazi hiyo au inayofanana nayo. Tuchukue mfano wa mhitimu wa masuala ya uvuvi anayeomba nafasi ya udhibiti ubora katika kiwanda cha kuchakata minofu ya sangara. Tangazo linasema atasimamia ubaridi wa samaki tangu wanapopokelewa. Mhitimu huyo anaweza kueleza kwamba, alipokuwa katika mafunzo kwa vitendo kwenye mwalo, yaani mahali wavuvi wanapopakulia samaki, aliona barafu ikimwagwa juu tu ya samaki huku wale wa chini wakianza kulegea. Kwamba alipewa kazi ya kupima joto asubuhi na mchana. Kwamba alimwonyesha msimamizi tofauti ya vipimo kati ya samaki wa juu na wa chini, wakakubaliana kupanga barafu na samaki tabaka kwa tabaka. Na kwamba vipimo vilivyofuata vilibaki karibu na nyuzi sifuri. Jibu hilo lina hali iliyokuwapo, jukumu alilokabidhiwa, hatua alizochukua na matokeo, na halichukui zaidi ya dakika mbili kulieleza.

Mwombaji huyo huyo atakuwa na nguvu zaidi akifahamu kwa nini kiwanda kinajali jambo hilo. Minofu ya sangara wa Ziwa Victoria huuzwa nje, na mwishoni mwa miaka ya 1990 Umoja wa Ulaya ulizuia kwa vipindi tofauti samaki wa ziwa hili kwa sababu za usalama wa chakula, hatua iliyoumiza viwanda na wavuvi wa nchi zote tatu zinazolizunguka. Anayejua historia hiyo huelewa kwamba swali kuhusu kipimajoto linahusu soko zima la kiwanda, na atalijibu kwa uzito unaostahili.

Kwa nafasi za serikalini kanuni ni ile ile, ila vyanzo vya kusoma hubadilika. Anayeomba kuwa mtendaji wa kijiji katika Halmashauri ya Kwimba, Magu, Misungwi au Ukerewe anapaswa kusoma Sheria ya Serikali za Mitaa (Mamlaka za Wilaya), Sura ya 287, ilhali anayeomba nafasi ya utendaji wa mtaa katika Jiji la Mwanza au Manispaa ya Ilemela anahitaji Sura ya 288, inayohusu mamlaka za miji. Tofauti hiyo si ndogo. Mtendaji wa kijiji hufanya kazi na halmashauri ya kijiji yenye wajumbe kati ya 15 na 25, na huwajibika kwa wakazi kupitia mkutano mkuu wa kijiji. Akiulizwa atatatuaje mgogoro wa malisho, jibu lisilotaja vyombo hivyo huonyesha kwamba mwombaji hajui ofisi anayoiomba. Sheria ya Utumishi wa Umma, Sura ya 298, isomwe na kila anayeomba kazi ya umma. Kusoma huku hulipa mapema, kwa sababu usaili unaoendeshwa na Sekretarieti ya Ajira katika Utumishi wa Umma mara nyingi huanza na mtihani wa mchujo wa kuandika, na kwa baadhi ya kada, yaani aina za kazi, huwapo usaili wa vitendo kabla ya mahojiano.

Lipo jambo la malezi ambalo tunaomba vijana walifikirie kwa makini. Kijana wa Kisukuma, Kikerewe au Kijita aliyelelewa vyema hufundishwa kutojisifu mbele ya wakubwa, na malezi hayo ni mema. Hata hivyo, tunaona mara kwa mara msailiwa aliyeongoza kazi fulani akisema «tulifanya» kuanzia mwanzo hadi mwisho, hata jopo lisijue mchango wake ulikuwa upi. Kusema «mimi ndiye niliyeandaa orodha ya mahitaji, na mwenzangu akasimamia ununuzi» si majivuno. Ni taarifa, na humpa kila mtu haki yake. Salamu moja ya heshima kwa jopo zima inatosha; haihitajiki kumsalimia kila mjumbe peke yake wala kuomba radhi kabla ya kujibu.

Kuhusu lugha, mwombaji aandae ushahidi wake kwa Kiswahili na kwa Kiingereza, kwa kuwa jopo linaweza kutumia yoyote kati ya hizo. Asikariri jibu neno kwa neno, kwani akisahau neno moja hupoteza yote; badala yake akariri matukio, kisha ayasimulie kwa sauti mbele ya ndugu au rafiki anayeweza kumkatiza na kumuuliza «ulijuaje?» au «wewe ulifanya nini hasa?». Mazoezi ya namna hiyo, jioni chache mfululizo, yana faida kuliko kusoma orodha ndefu ya maswali.

Upande wa nyaraka hauna mjadala. Tangazo la kuitwa kwenye usaili wa Sekretarieti ya Ajira hutaja vinavyotakiwa: kitambulisho, vyeti halisi kuanzia cha kuzaliwa na kidato cha nne hadi cha taaluma, na kwa kada zinazosajiliwa na bodi, cheti cha usajili pamoja na leseni. Hati za matokeo za muda hazikubaliwi. Majina yakitofautiana kati ya nyaraka, suala hilo lishughulikiwe kisheria mapema, na aliyesoma nje ya nchi ahakikishe vyeti vyake vimetambuliwa na TCU (vyuo vikuu), NACTVET (elimu ya ufundi) au NECTA (mitihani ya shule).

Usafiri na malazi ni gharama ya msailiwa mwenyewe. Anayetoka Nansio, kisiwani Ukerewe, asitegemee chombo cha asubuhi ya siku ya usaili, maana upepo wa ziwa hauangalii ratiba. Alale mjini usiku uliotangulia. Anayetoka Sengerema amepata nafuu tangu Daraja la J.P. Magufuli la Kigongo–Busisi lilipofunguliwa mwaka 2025, lakini naye aache nafasi ya kutosha kwa foleni za kuingia katikati ya jiji.

Mwombaji ajue pia haki zake. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004, katika kifungu cha 7, inakataza ubaguzi kwa misingi ya kabila, dini, jinsia, ujauzito, hali ya ndoa, ulemavu, umri na mingineyo, na ulinzi huo unamhusu hata anayeomba kazi. Msichana akiulizwa anatarajia kuolewa lini, anaweza kujibu kwa utulivu kwamba yuko tayari kutekeleza majukumu yote yaliyotajwa kwenye tangazo. Akidaiwa fedha au rushwa ya ngono ili apitishwe, hilo ni kosa chini ya Sheria ya Kuzuia na Kupambana na Rushwa ya mwaka 2007, na namba 113 ya TAKUKURU hupigwa bila malipo. Tunalisema hili kwa msisitizo kwa sababu ukimya wa anayeombwa humwacha mkosaji akamwandame anayefuata.

Baada ya usaili, mwombaji asibadili namba ya simu wala kutelekeza akaunti yake ya Ajira Portal, mfumo wa mtandaoni wa kuombea kazi za serikali, kwa kuwa waliofaulu lakini wakakosa nafasi huweza kuhifadhiwa kwenye kanzidata na kupangiwa kazi baadaye. Akipata kazi katika sekta binafsi, aombe maelezo ya maandishi kama kifungu cha 15 cha sheria ile ya mwaka 2004 kinavyotaka, yakionyesha aina ya kazi, tarehe ya kuanza, muda wa mkataba, mahali pa kazi, saa za kazi na ujira, na ayasome yote kabla ya kutia saini.